Ushanga mmoja kati ya 146: selimundu na umbo la protini

Kwenye daladala ya kutoka Igoma kwenda mjini Mwanza, mama mmoja kijana alikuwa amempakata mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Vidole vya mtoto vilikuwa vimevimba hadi ngozi inang'aa. Bahasha ya hospitali mama aliibana kwapani. Mama mtu mzima aliyekaa ubavuni mwake akamuuliza mtoto ana shida gani.

"Sikoseli, mama. Wameniambia juzi."

"Pole mwanangu. Hiyo huwa ni damu yako na ya mwenzio hazijapatana."

Mzee wa kiti cha nyuma akadakia kwamba tatizo ni lishe, mtoto anyweshwe juisi ya rozela na bitiruti aongezeke damu. Kondakta naye alikuwa na lake: amesikia kwamba kompyuta imeshajua maumbo ya protini zote duniani, kwa hiyo dawa ipo, tunafichwa tu. Tulipokuwa tunapita Mabatini, yule mama alikuwa ameshapewa maelezo matatu, na hakuna hata moja lililokaa sawa. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na nilishuka mjini bila kumwambia kitu. Safari ilikuwa fupi na jambo lenyewe refu. Ninaliandika hapa.

Sikoseli, au selimundu, ni jambo letu sote huku. Watoto wachanga waliopimwa Kanda ya Ziwa, hospitali ya Bugando ikiwemo, wameonyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano amebeba chembe ya urithi ya selimundu, na karibu mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Chukua kosta iliyojaa watu 25: watano hivi wamebeba, na wengi wao hawajui.

Tuanze na neno lenyewe. Tukisikia protini, akili inakwenda kwenye maharage, mayai na dagaa. Hizo ni protini kama chakula. Lakini ndani ya mwili protini ni vitendea kazi: kuna inayobeba oksijeni, inayosaga wanga, inayokaza msuli, inayolinda mlango wa seli. Kila moja ni uzi mrefu wa vipande vidogo viitwavyo amino asidi, mithili ya shanga zilizotungwa. Aina za shanga ni 20 tu. Kinachotofautisha protini moja na nyingine ni mpangilio: ushanga upi umetangulia, upi umefuata. Mpangilio huo umeandikwa kwenye jeni, yaani chembe za urithi, nasi tunaurithi kwa baba na mama.

Uzi ulionyooka haufanyi kazi yoyote. Lazima ujikunje uwe na umbo, na umbo ndilo linalofanya kazi. Sasa, nani anaukunja? Jibu ni kwamba maji yanahusika sana. Baadhi ya shanga zinapenda maji, nyingine zinayakimbia kama mafuta. Ukisimama Mwaloni asubuhi utaona matone ya mafuta ya injini za mitumbwi yakikusanyana juu ya ziwa. Hayachanganyiki na maji, yanatafutana yenyewe kwa yenyewe. Shanga za namna hiyo nazo hufanya vivyo hivyo: zinajificha katikati ya donge, huku zile zinazopenda maji zikibaki nje. Uzi wote unajipinda, unajibana, hadi kila ushanga upate mahali panapoufaa.

Mmarekani Christian Anfinsen alilithibitisha hili kwa namna nzuri mno. Alichukua protini yenye shanga 124, akaifungua kwa kemikali hadi ikapoteza umbo na kazi yake. Alipoziondoa kemikali hizo, protini ikajikunja upya na kuanza kazi kama mwanzo, bila mtu kuielekeza. Maana yake, maelekezo ya umbo yamo kwenye mpangilio wa shanga zenyewe. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Utaniuliza, basi mbona yai likishachemshwa halirudi kuwa bichi? Swali zuri. Joto linazifungua protini za yai zote kwa mkupuo, na zile shanga zinazokimbia maji zinajikuta nje. Kabla hazijarudi ndani zinashikamana na za jirani, na msongamano unakuwa fundo lisilofunguka. Nyama ya sato nayo ni hivyo: mbichi inapitisha mwanga kidogo, ikiguswa na mafuta ya moto inakuwa nyeupe pe. Ndani ya seli zetu kuna msongamano kama wa ute wa yai, ndiyo maana mwili una protini nyingine ambazo kazi yake ni kuzisitiri changa wakati zinajikunja. Mimi darasani huziita makungwi: hazimpi mwali umbo lake, zinamkinga tu asishikwe na wapita njia kabla hajawa tayari.

Kwa hiyo uzi ukibadilika ushanga mmoja, nini kinatokea? Mara nyingi, hakuna. Himoglobini, protini ya damu, peke yake ina aina zaidi ya 1,000 zinazojulikana kutofautiana na ya kawaida, na nyingi hazimsumbui mtu. Yote yanategemea ushanga huo umekaa wapi, ni wa namna gani, na jirani yake ni nani. Himoglobini ya selimundu inalionyesha hilo kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua.

Himoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Imeundwa na nyuzi nne: mbili za alfa zenye shanga 141 kila mmoja, na mbili za beta zenye shanga 146. Kwenye uzi wa beta, ushanga wa sita kwa kawaida ni glutamati, unaopenda maji. Kwa mwenye selimundu, mahali hapo pana valini, unaoyakimbia. Hakuna tofauti nyingine. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya wengine, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, akaupata ushanga wenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo hata baadhi ya walimu wenzangu hulichanganya. Himoglobini hii haijakunjika vibaya. Ushanga wa sita uko nje ya donge, hivyo kubadilika kwake hakuharibu mkunjo. Ukiichora himoglobini hiyo peke yake, umbo ni karibu lile lile, na oksijeni inabebwa kama kawaida. Kilichobadilika ni ngozi yake: sasa ina kidoa cha mafuta mahali palipopaswa kuwa na maji.

Kidoa hicho hakina madhara mapafuni. Damu inapofika kwenye misuli na viungo, himoglobini inaachia oksijeni, na kwa kuachia inabadilisha mkao kidogo. Mkao huo mpya unafunua kishimo chenye mafuta ubavuni mwa himoglobini ya jirani, na kidoa kinaingia humo kama kifungo kwenye tundu lake. Jirani naye ana kidoa chake, kinaingia kwa mwingine, na mwingine. Mnyororo unajijenga, minyororo inajisokota, mpaka inakuwa kama kamba ya katani yenye nyuzi 14. Kamba hiyo ngumu inaisukuma seli kutoka ndani, na seli iliyokuwa laini ya mviringo inavutika kama mundu. Inakwama kwenye mishipa myembamba, nyama na mifupa iliyo mbele inakosa oksijeni. Vidole vya yule mtoto vilivimba kwa sababu hiyo.

Seli ikirudi mapafuni, kamba inayeyuka na umbo la mviringo linarudi. Lakini ikirudiarudia, utando wa seli unachakaa na mundu unabaki kuwa mundu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi huishi 10 hadi 20. Mwili unatengeneza damu mbio mbio na bado haukidhi.

Hapo ndipo mzee wa rozela alipopotea. Damu ya mtoto huyu ni pungufu kwa sababu inavunjika mapema, na madini ya chuma kutoka kwenye seli zilizovunjika yanabaki mwilini yakitumika tena. Aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza hata kuwa na chuma kupita kiasi, kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu asipewe bila kupimwa. Juisi ya rozela ni kinywaji kizuri, anywe, ila haigusi ushanga wa sita. Protini za chakula nazo hazihamii mwilini na maumbo yao. Tumbo linazikata zibaki shanga moja moja, na mwili unatunga upya kwa kufuata jeni zake.

Mama wa damu zisizopatana naye alikuwa amechanganya vitu viwili ambavyo hata herufi zake zinafanana. Makundi ya damu, A, B, AB na O, yanahusu alama za sukari zilizo juu ya seli. Karatasi ya majibu ya selimundu inapoandika AA, AS au SS inazungumzia himoglobini iliyo ndani: A ni ya kawaida, S ni ya selimundu, na kila mzazi ametoa herufi moja. Mtu wa kundi O anaweza kuwa AS, na wa kundi A akawa AA. Baba na mama wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto SS. Kila mimba, upya. Watoto watatu wa kwanza wakiwa wazima haina maana kwamba wa nne amepangiwa kuumwa, wala aliyetangulia akiwa mgonjwa hajawamalizia zamu wadogo zake. Na aliye AS hageuki SS hata akizeeka: himoglobini yake ya kawaida imechanganyika na ile nyingine, na mchanganyiko huo katika maisha ya kila siku hauachi kamba ijengeke. Wazazi wote wawili wamechangia sawasawa. Nalisema kwa sababu nimeona ndoa zikivunjika mama akilaumiwa peke yake, na hilo linaniuma.

Kwa nini basi jeni hii imejaa kwetu kiasi hiki? Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki. Nyanda za juu hakuwakuta wenye jeni hii ila wachache sana. Pwani ya Kenya na kando ya Ziwa Victoria walizidi mtu mmoja kati ya watano. Alitazama ramani ya mbu, akaelewa, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba aliye AS anakingwa dhidi ya malaria kali. Babu zetu wa kando ya ziwa waliobeba ushanga huo mmoja walivuka utoto wakati wenzao wanazikwa. Tuliurithi pamoja na uhai wao.

Mahali ni pale pale, ushanga ukiwa mwingine mambo yanabadilika tena. Afrika Magharibi kuna watu ambao ushanga wa sita wa beta si glutamati wala valini, ni laisini, unaopenda maji. Hiyo ni himoglobini C. Kamba haijengeki, na aliyerithi C kwa wazazi wote huwa na upungufu mdogo tu wa damu.

Kuna mabadiliko mengine yanayoharibu mkunjo wenyewe. Ugonjwa wa mapafu uitwao sistiki faibrosisi, unaowapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya, mara nyingi unatokana na kukosekana kwa ushanga mmoja tu katika uzi wa shanga 1,480. Protini inajikunja ovyo, wakaguzi wa seli wanaikamata na kuivunja kabla haijafika kazini. Tangu 2019 kuna mchanganyiko wa dawa unaoishikilia protini hiyo ijikunje vizuri zaidi.

Kwetu mfano wa karibu ni upungufu wa protini iitwayo G6PD, kimeng'enya kinachoilinda seli nyekundu dhidi ya kuungua na kemikali. Aina iliyozoeleka Afrika ina shanga mbili zilizobadilika. Kimeng'enya kinafanya kazi kikiwa kipya, lakini hakibaki imara, kinalegea mapema. Seli nyekundu haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine, kwa hiyo inavyozeeka ndivyo inavyobaki bila kinga. Mtu anaishi miaka yote salama, wengi wao wanaume, kisha anapewa dawa kama primakwini au dapsoni na damu inavunjika, mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Ukiona hivyo baada ya dawa, rudi hospitali siku hiyo hiyo na useme dawa uliyomeza.

Kuna aina ya tatu, na hii inanigusa kwa sababu ya historia yetu Usukumani. Protini iliyojikunja vibaya inaweza kumvuta jirani yake ajikunje vibaya vile vile, naye amvute mwingine. Kwa wenye ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, vipande vya protini viitwavyo amiloidi hulala bapa bapa, vikipandana kama sahani, na kuganda kwenye ubongo. Mara nyingi hilo huja na umri tu, bila ushanga wowote kubadilika. Lakini zipo familia chache, moja ikiwa Uswidi, ambazo ushanga mmoja umefanya vipande hivyo vigande haraka, na kule Aislandi mwaka 2012 ilitangazwa kwamba badiliko jingine la ushanga mmoja linawakinga walio nalo.

Bibi mwenye ugonjwa huu husahau jina la mwanawe. Hutoka usiku, akakutwa kwa jirani hajui amefikaje. Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa macho mekundu tu yaliyotokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Bibi anayezurura usiku yuko katika hatari hiyo hiyo. Mayu huyo, yaani mama kwa Kisukuma, anahitaji mlango unaofungika, mtu wa kumshika mkono na jirani aliyeambiwa ukweli. Wala hauambukizi kwa kula naye sahani moja au kumwogesha. Zipo protini zinazoweza kuambukiza, prioni, ambazo Stanley Prusiner alipata Nobel kwa ajili yake mwaka 1997, na ndizo zilizoleta ugonjwa wa ng'ombe kichaa Uingereza. Hizo tumbo halizivunji kirahisi. Lakini bibi hana hizo.

Nirudi kwa kondakta. Ni kweli, Nobel ya kemia ya 2024 ilikwenda kwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper, na programu ya AlphaFold inaweza kukisia umbo la protini kwa kusoma mpangilio wa shanga zake. Ni kazi kubwa. Lakini umbo la himoglobini tulikuwa nalo tangu karne iliyopita, na ushanga wenye matatizo pia. Kujua kifungo kilipo si sawa na kuwa na njia ya kukifungua ndani ya seli zote za mtoto.

Njia iliyopatikana inapita pembeni. Mtoto tumboni hutumia himoglobini ya kitoto isiyo na nyuzi za beta, na isiyoingia vizuri kwenye ile kamba. Ndiyo maana mtoto SS huwa salama miezi ya kwanza, kisha maumivu yanaanza, na watu wanatafuta aliyemroga. Dawa ya haidroksiyurea inaufanya mwili uendelee kutengeneza himoglobini hiyo ya kitoto. Watoto 606 waliianza kwenye utafiti wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwanzoni mwa 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, malaria imepungua, na vifo pia. Hata tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 hairekebishi ushanga wa sita. Inaiamsha himoglobini ile ile ya kitoto. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Haidroksiyurea ni kidonge, na mama mwenye bahasha anapaswa kukiuliza kliniki.

La mwisho ni maji. Kamba ya himoglobini haianzi papo hapo. Inachukua muda, na seli ikiwahi kupita mshipa mwembamba na kurudi mapafuni kabla ya muda huo, hakuna kinachoharibika. Muda huo unategemea himoglobini imekolea kiasi gani ndani ya seli. Fikiria uji: unga kidogo unakorogeka, unaongeza kidogo tena, bado, halafu konzi moja zaidi na mwiko unasimama. Seli ikipungukiwa maji kidogo tu, muda unafupika mara nyingi, na kamba inaiwahi seli njiani. Homa, kuhara na jua la mchana vinakausha. Juu ya hayo, ugonjwa huu unaharibu sehemu ya figo inayobana maji, hivyo mtoto anakojoa sana hata akiwa na kiu.

Miaka mingi iliyopita nilimkatalia msichana mmoja kutoka nje kwa mara ya tatu katika kipindi kimoja. Alikuwa na chupa ya maji mezani, nikamwambia aiweke mbali, ndiyo inayomsumbua. Alitii. Wiki iliyofuata hakuja, na mama yake alipokuja kuleta karatasi ya hospitali nilisoma jina la ugonjwa nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa. Sasa kila Januari huwaomba wazazi waniandikie kama mtoto ana selimundu, na anayeniandikia, kiti cha mtoto wake ni kile cha karibu na mlango, na chupa inakaa juu ya meza.